Tablo moja tu sikupanguza

Dorkasi mutoto yangu,

Siku ya kuniaga walinipa kitambaa ya kikwembe ya maua na saa ya kutundika ku ukuta. Saa! Kwa mwanamuke aliyegonga kengele ya masomo miaka makumi mbili na munane. Sijui ni nani aliwaza vile. Nimeitundika. Inachelewa dakika tano kila siku, na mimi njo ninaisahihisha.

Weye ulichukua funguo zangu na kazi yangu, na ile siku uliniuliza kitu mbele ya mulango ya darasa kubwa. Ulisema: "Mama Régine, wanasemaka zamani wanafunzi walikuwa wanabishana humu mupaka watu wa barabara wanasimama. Sasa kila mutu iko anabishana na kidole mu telefone. Njia gani njo nzuri?" Nilikuambia ngoja. Ile ulizo haijibiwe mutu amesimama na ndoo mu mukono.

Sasa nimeketi. Ninaandika mimi mwenyewe, niliyeishia mwaka ya tatu ya primere na kujifunza kusoma mu Swahili ya kanisa. Mujukuu wangu Furaha anasahihisha nukta tu. Nilimukataza kugusa maneno.

Mambo ya kupandishwa cheo na ya mushahara, tuache. Niliingia huisie, mutu wa kengele na fagio, nilitoka huisie. Imekwisha kuandikwa.

Siku yangu ya kwanza nilitoka kwetu Bigo kwa miguu, na viatu ya kuazima ambayo ilikuwa inalia kama kifaranga. Aliyenipokea ni Muzee Albert, huisie wa mbele yangu, mutu mufupi, koti ya kaki, mifuko imejaa kreyi, chaki ya kuandikia ku tablo, ile ubao nyeusi ya darasa. Hakunisalimia. Aliangalia viatu, akasema: "Hii kazi ni ya kuingia na kutoka pasipo mutu kujua. Weye unakuja na orkestra."

Nilivua viatu. Nilifanya kazi ile siku miguu wazi.

Alinionyesha kengele, ile janti ya kamio, chuma ya gurudumu ya lori, uliyoikuta imetundikwa na waya ku mukaratusi. "Piga pembeni. Ukipiga katikati inalia kama sufuria, na watoto watafikiri chakula iko tayari." Alinionyesha tablo: usipanguze na kitambaa ya maji wakati mwalimu iko mulangoni, juu kreyi haishike ku tablo yenye maji. Kama ni kuosha, osha mangaribi, ikauke yenyewe. Na alinionyesha frotwari, ile kipande ya mbao na kitambaa ya kufutia. Frotwari ya duka inakwisha mwezi moja. Ya Muzee Albert ilikuwa mbao ya muvule, blanketi ya zamani imekunjwa mara ine, misumari munane. Ile mbao njo weye unashika leo. Blanketi nimebadilisha mara nyingi, mbao ni ile ile.

Kisha nilianza kufagia darasa kubwa. Nilikuwa mwanamuke wa nguvu, nilishika viti na kuirudisha mu mistari, pa! pa! pa!

"Simama," Muzee Albert alisema. "Unafagia kama mutu anayefukuza kuku. Angalia viti mbele uiguse."

"Iko na nini?"

"Inasema."

Nilifikiri muzee ameanza kunywa asubui.

Lakini alikuwa na haki. Viti ikibakia mu mistari kama vile uliipanga, ujue mwalimu alisema peke yake na wanafunzi walilala macho wazi. Viti ikigeukiana, magoti karibu kugusana, ujue walisemezana. Kiti moja ikiwa peke yake ku dirisha, kuna mutu alikasirika. Kiti ikianguka na hakuna aliyeiinua, acha fagio, enda kuuliza kama hakuna aliyepigwa. Miaka yote ile sikuhitaji mutu kunielezea somo ilikuwa namna gani. Niliingia, nilisoma viti, nilijua.

Miaka ile mibaya ya vita hapa Bunia, unaijua, sitaiandika. Nitaandika kitu moja tu. Masomo ilifunguka tena, watoto walirudia, na kila mutu alikuwa anaangalia mwenzake kwa pembeni. Muzee Albert aliondoa mistari. Alipanga viti duara, migongo yote ku ukuta. Nilimuuliza sababu gani.

"Régine, mu huu muji leo hakuna mutu anayeweza kusikiliza mwenzake kama mulango iko nyuma yake."

Waliingia, waliketi. Kila mutu aliona mulango kwanza. Kisha, pole pole, walionana. Hakuna mwalimu alimushukuru muzee, juu hakuna mwalimu alijua. Njo kazi yetu ile, Dorkasi. Ukitaka kushukuriwa, enda kuimba.

Muzee Albert aliacha kazi, na nyuma ya miaka michache alituacha. Mimi nilibakia na janti, mbao na viti.

Nyuma yake njo akaja Profesere Étienne. Unamujua leo na kitambi na miwani. Alikuja ameninginia mu suruali kama kikwembe ku kamba. Alipenda deba, ni kusema mazungumuzo ya darasa: anatoa ulizo, anaketi, wanafunzi wanabishana. Shida ni kwamba wenye sauti kubwa walikula deba yote, wengine walibakia kutikisa kichwa. Siku moja walikuwa wanalalamika wote mara moja, kama soko ya mbuzi, na mimi niko ku tablo ninapanguza. Profesere alininyanganya frotwari mu mukono.

"Mama Régine, niazime." Aliinyanyua juu. "Munaona hii? Anayeishika njo anasema. Bengine bote, kimya. Hata mimi. Akinyamaza nayo, siye tunangoja."

Tangu ile siku, deba ya Profesere Étienne ikawa deba ya frotwari. Inapita mukono kwa mukono, wengine wanaitupa, na ikianguka inatoa wingu ya vumbi ya kreyi. Kila aliyesema alitoka na mikono nyeupe. Mimi nilisimama ku mulango na ndoo ya maji na sabuni, wananawa mumoja mumoja, na niliona: huyu alisema, huyu hapana, huyu alisema mupaka nywele ni nyeupe. Kulikuwa binti mumoja alikuja kila siku na moto, pikipiki, toka kule Iga Barrière, vumbi nyekundu mupaka mu masikio. Alishika ile frotwari ku kifua kama mutoto mudogo, akasema dakika kumi, akatoka nyekundu juu na nyeupe chini. Nilimuambia: "Binti, sasa umebakiza bulu tu, uwe bendera." Alicheka mupaka aliketi ku ngazi.

Na deba haikuishia ku kengele. Nilipiga janti, walitoka wanasema. Walinunua mandazi wanasema, mandazi mu mudomo. Watu wa barabara, kweli, walisimama. Fundi wa kinga aliacha baiskeli ya watu ili aje kuuliza nani ameshinda. Nimejifunza mule ndani nimeegemea fagio: namna udongo inachoka, namna soko inapandisha bei mbele ya mavuno, sababu gani mutu wa biro hapendi kusaini. Diplome sikupata. Lakini mambo ya udongo, njoo unibishie.

Halafu telefone ikaja.

Kwanza masomo ilifungwa juu ya ugonjwa, walimu wakafungua grupu mu telefone. Ugonjwa ulipita, grupu ikabakia. Barabara ikiharibika, grupu. Usalama ikitetemeka, grupu. Mimi niliendelea kuja kazi. Nilipanguza vumbi ku viti, niliipanga, kesho yake nilikuta kama nilivyoacha. Miezi. Mistari mizuri kabisa, kama makaburi ya askari. Mu ile darasa kulikuwa mimi na panya, na panya hakubishana.

Sasa nikuambie juu ya Furaha.

Furaha ni mutoto wa binti yangu, mwenye kulima maharagi huko karibu na Mambasa. Alinitumia yeye ili asomee hapa, anaikala kwangu Bigo, ananiitaka Tate, mama ya mama yake. Mu jamaa yetu yote njo yeye wa kwanza kupita sekondere na kuingia masomo ya juu. Nilifagia ile darasa miaka na miaka, kisha siku moja mujukuu wangu aliingia mule, akaketi ku kiti nilichopanga na hii mikono. Kama unataka kujua kiburi inafanana namna gani, ungeniangalia ile asubui. Nilipiga janti mupaka sekretere alitoka inje kuona kama kuna moto.

Lakini Furaha iko na kigugumizi tangu mudogo. Mu kichwa maneno imejaa, ku mudomo mulango ni kidogo. Mwaka ya kwanza frotwari ilimufikia mara mbili. Mara mbili alifungua mudomo, akafunga, akamupa jirani. Kila deba nilimuwekea maji, na kila deba alinawa mikono safi. Aliinawa ili asiwe tofauti na wengine. Mimi nilijifanya sioni.

Mu grupu, mutu mwengine kabisa! Aliketi ku kiti ya jikoni, vidole mbiyo mbiyo, na alipomaliza alinisomea. Pole pole, nyumbani, na mimi tu, alisoma vizuri. Kulikuwa kijana mumoja, Dieudonné, wanamuitaka Redio sababu haizimikaki. Mu darasa Redio alikuwa mufalme. Mu grupu Furaha alimupiga kila juma, mistari mifupi, pa, pa, na Redio akarudisha ujumbe tano moja juu ya mwengine kama mutu anayeanguka ku ngazi.

Nisiseme bongo, uongo sipendi: ile grupu ilikuwa na mazuri. Kulikuwa mwanafunzi mumoja, mama wa Mambasa mwenye kunyonyesha. Mu darasa hangefika, mu grupu alifika, mutoto ku titi. Lakini ilikuwa na mabaya yake. Mumoja rezo ya telefone inakatika, anajibu leo ulizo ya juzi, kama mutu anayeitika hodi wakati mugeni amekwisha kulala kwake. Mwengine hana mega ya kuingia mu grupu, juma yote haonekane, wanafikiri hana maoni. Na matusi! Mutu ambaye goti yake inagusa yako hawezi kukuita mupumbavu mbiyo vile. Na nyuma ya deba, hakuna mandazi. Kila mutu anazima, iko peke yake.

Kusema kweli nilikuwa na wivu na kale katelefone. Kalichukua viti yangu.

Unajua kazi ya beseni: siku ya mitiani, huisie anasimama ku mulango na beseni, kila mwanafunzi anaweka telefone mule. Mimi niliileta ile sheria nyumbani. Kwangu, wageni wakikuja ao chakula ikitoka, telefone mu beseni. Hakuna mashauri.

Sasa sikia kosa yangu. Profesere Étienne alianza kuwa na mashaka. Alinisimamisha ku koridori.

"Mama Régine, huyu mujukuu wako. Mu grupu anaandika kama avoka wa mahakama. Mu darasa hana hata 'présent' ya kuitika jina. Nani anamuandikia?"

"Vidole yake."

"Tutaona."

Ile juma masomo ilikuwa imefungwa tena juu ya usalama. Siku ya posho, kesho yake ni kanisa, Profesere alitangaza asubui mu grupu: leo mangaribi nitauliza kila mutu ulizo moja, jibu ndani ya dakika tano, nione nani anaandika mwenyewe. Asiyejibu, ninamufutia alama zote za grupu. Kwa Furaha ile alama ilikuwa mwaka muzima. Bila ile, anarudia darasa. Na mama yake alikwisha kusema, mutoto akirudia, atarudi kulima.

Ile mangaribi wamama wa kanisa walikuwa kwangu kunywa chai, halafu tungeenda pamoja ku mazoezi ya kwaya. Furaha alisimama ku mulango ya jikoni na telefone mu mukono.

"Ta-ta-ta..."

"Weka mu beseni."

"Tate, le-le-le..."

"Hakuna le-le. Wageni beko hapa. Beseni."

Aliweka. Nilichukua beseni, nikaifungia mu chumba yangu, nikafunga ufunguo mu kitambaa ku kiuno, nikaenda kuimba. Mutu aliyesimama mu deba ya frotwari miaka yote ile, aliyesikia kila siku "akinyamaza nayo, siye tunangoja", hakungoja mutoto wake amalize neno moja.

Niliporudi Furaha alikuwa anachagua maharagi ku meza. Hakulia. Nilifungua chumba, nikamupa telefone, akaniwekea mbele ya macho. Profesere aliita jina yake mara tatu. Furaha? Furaha? FURAHA? Kisha chini: "Nimeelewa." Na chini zaidi Redio: "Avoka amekimbia mahakama."

Sikuvua hata kikwembe ya kwaya. Profesere anaikala nyuma ya kanisa, si mbali. Nilimukuta ku baraza, anakata kucha.

"Profesere, mimi njo nilifunga telefone."

"Weye?"

"Mimi na beseni."

Aliniangalia. "Mama Régine, kila mwaka wananiletea sababu. Ngombe ilikula kaye ya kuandikia, moto iliharibika, tate amekufa, na tate ile ile anakufa mara tatu. Hii ni mara ya kwanza inakuja na beseni."

"Ukitaka nitakuonyesha beseni."

"Beseni haiandike. Mimi nataka kujua nani anaandika." Aliweka kikata-kucha chini. "Lundi, kesho kutwa, masomo inafunguka. Saa mbili, deba. Atashika frotwari mbele ya bote. Akitoa maoni yake, nitaamini maandiko yote. Akiipitisha kwa jirani, nitafuta."

Nilirudi nikamuambia Furaha. Alisukuma maharagi pembeni. Kisha alianza, "Ta-tate, mu-mu-mu..." Mulomo wangu ulikuwa tayari kumumalizia. Niliuma. Niliketi chini mbele yake, na nilingoja. Maji ilichemuka ku moto, niliacha ichemuke.

"Mu grupu," alisema nyuma ya wakati murefu, "ha-hakuna mutu a-anaangalia mudomo yangu."

Njo vile tu. Yote ilikuwa mule.

Yenga, kanisa ilipokwisha, nilienda ku masomo peke yangu na funguo. Nilisimama katikati ya darasa kama Muzee Albert. Mu duara kila mutu anaangalia mudomo ya mwenzake, duara ingemuua. Mu mistari, wa mbele wanageuka kuangalia wa nyuma, mubaya zaidi. Nikajiuliza: mu darasa, kitu gani watu wanaangalia pasipo kuangalia mutu? Niligeuka. Ilikuwa nyuma yangu, nyeusi, mita tatu, niliipanguza karibu kila siku ya kazi.

Nilipanga viti nusu ya duara, kama mwezi mudogo, yote inaangalia tablo. Niliosha tablo na maji safi mara mbili, ikauke usiku. Nilishona blanketi mupya ku frotwari. Na chini ya tablo nikaweka sanduku nzima ya kreyi, imefunguliwa.

Nyumbani nilimuambia Furaha neno moja tu: "Kreyi iko."

Lundi. Nilisimama ku mulango na ndoo yangu. Ulizo ya Profesere ilikuwa hii: Barabara ikitengenezwa, nani anapata faida mbele, mulimaji ao muchuuzi? Redio alichukua frotwari kwanza, akasema mulimaji, mulimaji, barabara ni damu ya inchi, mupaka mate iliruka. Wengine walisema. Kisha Profesere alichukua frotwari yeye mwenyewe, akatembea mupaka ku kiti ya Furaha, akamuwekea mu mikono.

Alisimama. "Mu-mu-mu..."

Mutu nyuma alicheka kidogo. Redio akasema: "Muniite mangaribi, akimaliza."

"Dieudonné," Profesere alisema, "uko na frotwari?"

"Hapana, Profesere."

"Basi kata umeme."

Kimya. Dorkasi, nimesikia kimya nyingi mu ile darasa, kimya ya mutiani, kimya ya kifo. Ile ilikuwa ingine. Watu makumi ine walikuwa wanangoja mutu mumoja, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumumalizia neno. Mu telefone hakuna mutu angemukata, kweli. Lakini mu telefone hakuna mutu angemungoja pia. Niliweka ndoo chini pole pole, isilie.

"Mu-mu-muli..." Aliacha. Aliangalia viti. Nilimuona anaangalia namna viti imepangwa, kiti kwa kiti, na nilimuona anaelewa. Aligeuka, frotwari ku mukono ya kushoto, akachukua kreyi na ya kuume, akaandika. Mbiyo, kama vile jikoni:

*Barabara nzuri inamufikisha muchuuzi mbele mulimaji hajakausha maharagi.*

Na chini:

*Asiye na fasi ya kuweka mavuno, barabara inamukuta mikono mitupu.*

Mama yake mwenyewe alikuwa ndani ya ile mistari mbili, na kamio ya wachuuzi ku mulango, na maharagi mabichi yenye kuuzwa kwa huruma.

Darasa ilivuma. Redio aliruka: "Lakini..." Profesere alinyanyua kidole. Frotwari iko kwa Furaha. Redio aliangalia kushoto, aliangalia kuume, mudomo imejaa maneno na haina ruhusa. Sasa ile mutoto alifanya nini? Alienda ku tablo, akachukua kreyi, akaandika chini yake: *Basi ajenge depo!* Furaha akaandika: *Na mbao gani? Ile muchuuzi alipitisha jana?* Watu walipiga meza. Redio akaandika. Furaha akaandika. Mwengine akaamuka, mwengine tena, kreyi inavunjika, vumbi inapanda. Fundi wa kinga, kweli ya Mungu, alikuwa ku dirisha.

"Kumbe ni weye!" Redio alisema, amesahau sheria. "Ni weye ulikuwaka unanipiga mu grupu!"

Furaha aligeuka. Aliweka kidole ku mustari wake wa kwanza, akaisoma na mudomo. Ilikatika mara tatu. Ba-barabara nzuri. Alipumua. Inamufikisha mu-mu-muchuuzi. Alipumua. Mbele mulimaji hajakausha maharagi. Hakuna mutu aliyemusaidia hata neno moja. Walingoja mupaka nukta, na nukta ilifika.

Profesere Étienne alivua miwani. "Maandiko ni ile ile," alisema. "Hata mistari ni mifupi vile vile." Alifungua kaye yake, akaandika kitu, akafunga.

Ku mulango Furaha alinyosha mikono juu ya ndoo yangu. Nyeupe mupaka ku viwiko. Nilimwanga maji juu yake pole pole, nilitaka ikawie.

Sasa ulizo yako. Nimekuandikia yote hii na bado sina jibu ya mustari moja. Grupu ilimupa Furaha maneno yake. Darasa ilimupa watu wa kuingoja. Wakikuuliza uchague, uwaambie wachague wenyewe, weye uko na viti ya kupanga. Furaha sasa anamaliza mwaka ya mwisho, anaandika mu grupu na anasema mu darasa, na akikwama anachukua kreyi pasipo haya. Redio alijifunza kuandika mistari mifupi. Ile ni muujiza ya pili.

Kreyi ya akiba iko ku kabati ya chini, nyuma ya ndoo. Janti, piga pembeni. Na mbele ya kufagia, angalia viti. Ile lundi mangaribi niliingia na fagio nikaikuta: yote ilikuwa imesogea mbele, imebanana ku tablo kama ngombe ku maji. Tablo yenyewe ilikuwa imejaa, toka juu mupaka chini, maandiko ya watu kumi na mbili, na juu kabisa maandiko ya mujukuu wangu.

Nilichukua frotwari. Nilisimama. Nikaiweka chini, nikafunga mulango.

Asubui yake Profesere Étienne aliingia na vitabu yake, akanikuta ku koridori.

"Mama Régine, umesahau tablo."

"Sikusahau."

"Na mimi nitaandika wapi?"

"Leo," nilimuambia, "utafundisha na mudomo."